Mkono uliolegea, mtoto aliyechelewa kulia: lini ni bahati mbaya, lini ni uzembe wa leba?

fizio_nyanda (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Wa Rungwe na Kyela ndaga fijo, wa Iringa na Njombe kamwene.

Kazi yangu ni fiziotherapia, Nyanda za Juu Kusini. Wilaya sitaitaja, hospitali sitaitaja, na msije PM kuniuliza. Naandika kwa sababu ya watoto wa aina mbili wanaofika kwetu wamechelewa. Wa kwanza mkono wake mmoja umelegea tangu kuzaliwa: umelala ubavuni, umegeukia ndani, kiganja kinatazama nyuma. Wa pili ana miezi sita na shingo haijakaza, ngumi zimefumbwa muda wote, ukimnyanyua miguu inakakamaa na kupishana.

Mama wa mtoto wa kwanza aliambiwa siku ya ruhusa kwamba mkono "utarudi wenyewe". Mama wa pili aliambiwa "atachangamka tu". Akina baba wao hukumu wanayo tayari: manesi wamemharibu mtoto. Mimi sikubaliani na upande wowote kabla sijaona karatasi.

Nianze na mkono, maana hapo kuna la kufanya. Mishipa ya fahamu inayoendesha mkono inatokea shingoni na kupita nyuma ya mtulinga. Kichwa cha mtoto kikishatoka, bega la mbele likakwama nyuma ya mfupa wa kinena, kichwa kinarudi nyuma kidogo kama cha kobe. Hapo mzalishaji ana dakika chache. Akikishika na kukivuta huku akikipindia upande, ile mishipa inatanuka, inachanika, au inang'oka kabisa. Ndiyo kupooza kwa Erb. Wakati mwingine mtulinga nao unavunjika, ila huo usikutishe sana, wa mtoto mchanga unaunga ndani ya wiki chache.

Cha kufanya bega likikwama kinafundishwa vyuoni: mapaja ya mama yakunjwe hadi yaelekee tumboni, na msaidizi akandamize juu kidogo ya kinena. Siyo juu ya tumbo. Kukandamiza tumbo kunazidi kulipigilia bega kwenye mfupa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unasema kumkandamiza mama tumbo wakati wa kusukuma hakupendekezwi, na bado nasimuliwa habari za mtu kupanda kitandani na kusukuma kwa mikono miwili.

Sasa kabla hujakimbilia kwa wakili: bega kukwama mara nyingi hakutabiriki. Karibu nusu ya watoto wanaokwama wana chini ya kilo nne. Na wapo wachache wanaotoka na mkono umelegea bila mtu kuwavuta, hata waliozaliwa kwa oparesheni. Mkono peke yake si ushahidi.

Wengi wanapona. Lakini mtoto akifika miezi mitatu hajaweza kukunja kiwiko mwenyewe, aonwe na bingwa, kwa sababu kama kuna mishipa ya kuunganishwa kwa upasuaji, muda wake uko ndani ya mwaka wa kwanza. Mimi wengine wananifikia wanatembea. Hapo nafanya kazi ya kuzuia viungo visigande tu. Nyumbani usimnyanyue kwa kwapa. Ukimvisha anza na mkono mgonjwa, ukimvua malizia na huo huo.

Kwenye ubongo ndiko kwenye ugomvi. Ubongo uliokosa hewa leba hausubiri miezi sita kulalamika. Unalalamika siku ile ile: mtoto hakulia, alama za Apgar (zile anazopewa mtoto akizaliwa kwa pumzi, mapigo, rangi na uchangamfu wake) zimebaki chini hata baada ya dakika ya tano, hanyonyi, degedege linaanza siku ya kwanza au ya pili, analazwa wodi ya watoto wachanga. Mtoto aliyelia vizuri, akanyonya usiku ule, akaenda nyumbani akiwa salama, halafu baadaye akaonekana na mtindio wa ubongo, uwezekano mkubwa jambo lilitokea wakati mwingine. Huenda ni tumboni, miezi mingi kabla ya uchungu. Huenda ni baada ya kuzaliwa: manjano makali yasiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo, malaria kali. Kwa hiyo wazazi, kumbukeni siku tatu za mwanzo. Ndizo nitakazowauliza.

Na hata yule aliyechoka kweli leba, yaani aliyekosa hewa, bado kuna swali: kuna aliyekuwa anamsikiliza? Mapigo ya moyo ya mtoto yanatakiwa kuwa 110 hadi 160 kwa dakika. Uchungu ukishakomaa yanasikilizwa angalau kila nusu saa, na wakati wa kusukuma kila dakika tano. Kile kipembe cha kusikilizia tumboni hakitumii umeme wala luku.

La mwisho ndilo lililoniketisha kuandika. Mtoto akifa, kuna kikao. Vifo vya wajawazito na watoto wachanga vinaandikiwa ripoti, timu inakaa, inauliza nani alikuwa zamu na nini kilichelewa. Mtoto akitoka na ubongo ulioumia lakini anapumua, anaandikwa yuko hai, kitanda kinatandikwa upya. Utafiti wa kitaifa wa 2022 unatupa asilimia 81 ya akina mama waliojifungulia vituoni, na vifo vya watoto wachanga 24 kwa kila vizazi hai 1,000. Hawa wangu hawamo kwenye 24. Wamo kwenye waliosalimika.

Karibuni.

---

mzee_wa_soweto_mbeya

Wanawake wa siku hizi wazembe kusukuma. Mama zetu walizaa shambani na tulitoka wazima.

---

fizio_nyanda

Mzee shikamoo. Uliyetoka mzima ndiye wewe unayeandika. Wenzako waliobaki huko shambani hawana simu. Tuendelee.

---

mwalimu_wa_rungwe

Mkuu, asante kwa uzi. Yangu nayasema bila jina la hospitali kwa sababu bado naishi nao mji mmoja.

Mke wangu aliingia leba asubuhi. Mama mkwe alikaa nje na chupa ya uji hadi uji ukachacha. Kila nikiuliza: njia bado, subiri. Giza likaingia, zamu ikabadilika, tukaanza moja: njia bado, subiri. Usiku wa manane nesi akatoka mbio, mtoto kachoka, aende rufaa. Gari la wagonjwa lipo, mafuta hakuna. Nikaweka mafuta kwa hela ya parachichi niliyokuwa nimeihifadhi kwa ada. Tulivyofika Mbeya alipasuliwa haraka, siwalaumu hao wa rufaa hata kidogo. Mtoto hakulia. Degedege lilianza kabla jua halijachomoza.

Kilichonikaa rohoni ni ile karatasi ya rufaa na patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu na mapigo ya mtoto, iliyobanwa nayo. Mimi ni mwalimu wa msingi, nimesahihisha madaftari maisha yangu yote. Nukta zote zimepanda mstarini vizuri kabisa, kalamu moja, mgandamizo mmoja, mwandiko mmoja, tangu saa nne asubuhi hadi saa nne usiku. Na zamu ilibadilika nikiwa nimesimama pale pale! Mapigo ya mtoto: 140, 140, 140, 138, 140. Mtoto gani huyo ambaye moyo wake ni wa 140 siku nzima halafu ghafla kachoka?

Najua kazi iliyonakiliwa nikiiona.

---

dada_mkunga

Kaka, pole sana wewe na shemeji. Sitakutetea wala sitamtetea aliyeandika hiyo karatasi, lakini acha niseme leba ilivyo usiku, maana wengi mnaiona kwa nje ya pazia.

Usiku kwenye vituo vingi anakuwepo mkunga mmoja na mhudumu. Akina mama watano, wawili wanasukuma kwa wakati mmoja, wa tatu anatokwa damu. Huyo wa nne ambaye njia "bado" ndiye anayesahaulika, kwa sababu hapigi kelele. Asubuhi mafaili yanajazwa kabla mganga mfawidhi hajapita. Hilo ndani ya kazi yetu linajulikana na kila mtu, na ni baya. Ile patografu yenye mstari wa tahadhari na wa kuchukua hatua ilitengenezwa na Philpott na Castle, wakachapisha 1972 kutoka Harare, enzi hizo Salisbury. Waliitengeneza ili mkunga aliye peke yake mbali na daktari ajue saa ya kumhamisha mama ni hii. Sisi tumeigeuza fomu ya mkaguzi. Kuanzia 2020 Shirika la Afya Duniani limetoa fomu mpya inayoanza njia ikifika sentimita tano badala ya nne, lakini fomu yoyote ukiijaza asubuhi haijamwokoa mtu.

Uzembe wa mtu upo. Nesi aliyelala, anayetukana, anayechati. Huyo afukuzwe. Ila upo na uzembe wa ratiba. Aliyepanga mkunga mmoja kwa leba nzima, jina lake linaandikwa kwenye patografu ipi?

Na hili la pili mtanichukia. Mama anaingia leba kashakunywa dawa ya mizizi ya kuongeza uchungu, kapewa na shangazi, kaapishwa asiseme. Mfuko wa uzazi unabana bila kupumzika, na kila ukibana damu inayokwenda kwa mtoto inapungua. Mimi sijui kilichomo tumboni mwake, naona uchungu unaenda ovyo, daktari anaagiza dripu ya uchungu juu yake. Tuambieni jamani. Hatutawafokea. (Haya, wengine watawafokea. Semeni hivyo hivyo.)

Mtoto asipolia, dakika ya kwanza ndiyo yake. Kumkausha, kumchangamsha, akikataa kupumua anapumulishwa kwa kibegi na barakoa. Tulifundishwa hivyo kwenye mafunzo yale ya kumsaidia mtoto kupumua, na utafiti wa hospitali nane za Tanzania uliochapishwa 2013 ulikuta vifo vya saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 47 baada ya mafunzo. Ukienda leo ukakuta kibegi kimefungiwa kabatini na ufunguo kaondoka nao sista, huo ni uzembe, na hauhitaji mashine wala bajeti kuurekebisha.

---

kijana_wa_mwanjelwa

Marekani huyo mwalimu angekuwa milionea. Hapa kwetu utaambiwa ni mapenzi ya Mungu.

---

wakili_wa_kusini

Kijana, huko nako si rahisi kama matangazo yao yanavyosema. Lakini kesi nzuri ya kusoma ni ya Uskochi, ya Nadine Montgomery, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2015. Mama mfupi, ana kisukari, mtoto mkubwa. Hatari ya bega kukwama kwa mama wa namna hiyo ilikuwa asilimia 9 hadi 10, daktari hakumwambia kwa hoja kwamba akimwambia angeomba oparesheni. Bega likakwama. Dakika 12 zikapita kati ya kichwa na mwili. Mtoto akapata mtindio wa ubongo na mkono wake ukapooza, yaani yale yote mawili aliyoyaeleza mwanzisha uzi. Alishinda, fidia pauni milioni 5.25. Kabla yake kipimo kilikuwa cha kesi ya Bolam ya 1957: daktari hana kosa kama kundi la madaktari wenye ujuzi wangefanya kama yeye. Baada ya Montgomery, linapokuja suala la kumweleza mgonjwa hatari, kinachotazamwa ni nini mgonjwa mwenyewe angetaka kujua. Hukumu hizo hazizifungi mahakama zetu, ila hoja zake unaweza kuzibeba.

Kwa hapa kwetu, mwalimu, kuna milango miwili na watu wanaichanganya. Ukitaka mtaalamu awajibishwe, unalalamika kwa maandishi Baraza la Madaktari Tanganyika kama ni daktari, au Baraza la Uuguzi na Ukunga kama ni nesi au mkunga. Mabaraza yanaweza kumsimamisha mtu au kumfutia usajili. Fidia hayakupi. Fidia ni mahakamani. Hospitali ikiwa ya serikali au ya halmashauri, unatoa kwanza notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ndipo unafungua Mahakama Kuu, na Mbeya na Iringa zote zina masjala. Ya binafsi au ya dini huitolei notisi hiyo.

Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka mitatu. Mtoto mwenyewe kwa kuwa ni mdogo, muda wake hauanzi kuhesabiwa hadi afikishe umri wa utu uzima, lakini usiufanyie mchezo huo mwanya, maana faili halina subira ya miaka 18. Panya, mafuriko, kuhama jengo. Andika barua leo kwa mganga mfawidhi, omba nakala ya faili la mama na la mtoto, baki na nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kuziona taarifa zako. Wakikataa, kule kukataa kwa maandishi nako ni karatasi.

Kisha utahitaji daktari mwingine wa kusema mahakamani kwamba kilichofanyika hakikuwa sahihi NA kwamba ndicho kilichomdhuru mtoto. Kesi nyingi zinafia hapo pa pili. Ile patografu yako ya kalamu moja inathibitisha mtu aliandika baadaye. Haithibitishi peke yake kwamba angeandika kwa wakati mtoto angelia.

---

mwalimu_wa_rungwe

Nimekuelewa wakili, ingawa imeniuma. Na huyo daktari wa kusema dhidi ya mwenzake nitampata wapi Mbeya hii?

---

wakili_wa_kusini

Humpati mji huo huo. Tafuta nje ya mkoa, ikibidi Dar. Kama hela hakuna, anza na watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwaweka. Hawatakupeleka mbali, ila barua ya kwanza wataiandika vizuri.

---

kijana_wa_mwanjelwa

Nilisoma wenzetu wanampoza mtoto aliyekosa hewa ili ubongo usiharibike. Kwa nini hawafanyi hapa? Huo si uzembe?

---

dokta_asiye_zamu

Swali zuri. Ulaya wanashusha joto la mtoto hadi kama nyuzi 33.5 kwa saa 72, na lazima waanze ndani ya saa sita. Kule kumesaidia. Lakini jaribio kubwa lililofanyika India, Sri Lanka na Bangladesh, matokeo yakatoka 2021, lilikuta watoto waliopozwa hawakufaidika na vifo viliongezeka. Hivyo kutompoza si uzembe. Tena mtu asije akasoma hapa akamwacha mtoto uchi kwenye baridi ya Kitulo akidhani anamtibu. Kazi yetu hapa ni pumzi, joto la kawaida, sukari, kuzuia degedege, kulisha taratibu.

---

mama_wa_makete

Nimesoma yote nikilia, samahanini. Wangu ana miaka minne, hakai. Mahakama sina habari nayo. Naomba niseme la ukweni, maana hakuna aliyeligusa.

Mtoto alivyofikisha mwaka bila kukaa, mama mkwe alisema kwenye ukoo wao hakuna vilema, kwa hiyo nimeleta mimi. Tukapelekwa kwa mtaalamu wa kienyeji, mbuzi mmoja akaenda, kisha wa pili. Mume akahamia Makambako kwenye biashara ya mbao, sasa hivi ana mke mwingine huko. Nesi mmoja tu wa kliniki ndiye aliyefungua kadi yangu na kusoma: "Dada, mwanao alipozaliwa hakulia, imeandikwa hapa." Nilimwomba aje aseme mbele ya mama mkwe na mjumbe. Alikuja, siku yake ya mapumziko, na pikipiki yake. Mama mkwe hajaomba radhi ila siku hizi anambeba mjukuu wake.

Kwa hiyo mimi hiyo karatasi sikuihitaji kwa wakili. Niliihitaji nyumbani.

---

fizio_nyanda

Mama wa Makete, pole, na huyo nesi Mungu amzidishie. Miaka minne si mwisho. Kukaa kwa kiti maalumu, kumlisha akiwa wima asipaliwe, kuzuia nyonga isichomoke, hayo yanafanyika hata sasa, na kiti fundi seremala anaweza kukitengeneza kwa vipimo nitakavyokupa. Kwa hili wewe njoo PM.

---

mjukuu_wa_chimala

Wakuu samahani naingilia, nina la haraka. Dada yangu kajifungua jana mchana, karuhusiwa leo. Mtoto ana uvimbe kichwani. Bibi anachemsha maji aukande, na jirani anasema uchanjwe damu itoke. Ni hizo jeraha mnazosema?

---

fizio_nyanda

Usichanje, usikande. Nijibu haya: uvimbe uko upande mmoja tu au umeenea kichwa kizima? Alivutwa kwa vakyumu? Ananyonya? Rangi yake?

---

mjukuu_wa_chimala

Ndiyo walimvuta na kile kikombe. Asubuhi ulikuwa nyuma tu, sasa umeenda hadi karibu na masikio, ukibonyeza unacheza cheza. Kanyonya kidogo mchana. Viganja na midomo dada anasema vimepauka.

---

dokta_asiye_zamu

Ondokeni sasa hivi. Uvimbe wa damu unaokaa kwenye mfupa mmoja unaisha wenyewe kwa wiki kadhaa, wewe unamwangalia tu mtoto asipate manjano. Huu unaoenea na kucheza baada ya vakyumu unaweza kuwa damu inayovujia chini ya ngozi ya kichwa, na kichwa cha mtoto kinaweza kumeza damu yake nyingi sana. Pigeni 115, ni bure, ile huduma ya m-mama ya usafiri wa dharura inabeba na watoto wachanga. Mkikosa, chukueni gari lolote, hospitali yenye damu na daktari, siyo zahanati.

---

mjukuu_wa_chimala

115 wamepokea. Wanasema gari linakuja, tusogee barabara kuu.

---

dada_mkunga

Mtoto akae kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani bila kubana uvimbe, blanketi juu yao wote wawili. Akitaka kunyonya anyonye. Mchukue kadi ya kliniki na karatasi ya ruhusa, na mkifika neno la kwanza getini liwe "alivutwa kwa vakyumu jana, uvimbe unaongezeka", msianze na salamu.